Uzi wa stroberi za nyumbani: majani kibao matunda hakuna, miche kuoza, ndege, marando, tumalizie yote humu

Mzee_wa_Tuta (mleta mada):
Wakuu heshima kwenu. Maswali ya stroberi yamekuwa mengi na majibu yametawanyika, mtu anauliza mbona haizai anaambiwa ongeza mbolea, mwingine miche inanyong'onyea anaambiwa ongeza maji, na mara nyingi ushauri wa namna hiyo ndo unaoimaliza kabisa. Nimeona tuwe na uzi mmoja tumwage kila kitu humu. Wenye uzoefu ongezeeni, wabishi bisheni kwa hoja.

Naanza na jambo moja ambalo ukilishika mengine mengi yanajieleza yenyewe. Stroberi ni mmea wa juu juu. Sehemu kubwa ya mizizi yake iko kwenye sentimita 15 hivi za juu za udongo, haishuki mbali kutafuta maji. Tabaka hilo likikauka na yenyewe imekauka, likituamisha maji mizizi inakosa hewa inaoza, ukimwaga mbolea ya chumvichumvi nyingi kingo za majani zinaungua maana huu ni kati ya mimea inayoshindwa kabisa kuvumilia chumvi. Haina pa kukimbilia. Kazi yako ni kulitunza hilo tabaka la juu, basi.

La pili ni kina cha kupanda, na hapa ndo miche mingi inapofia. Shina la stroberi sio yale marando yanayotambaa, shina ni kile kigutu kifupi kinene kilichopo kati ya mizizi na majani. Kileleni pake katikati ndo panatoka jani jipya limejikunja, tupaite moyo. Usawa wa udongo uishie katikati ya kigutu, mizizi yote ndani, moyo nje kabisa. Ukiufukia moyo unaoza, ukiiacha mizizi ya juu wazi inakauka mche unadumaa. Mimi nikishapanda namwagilia mpaka udongo ushuke utulie halafu narudi kuangalia tena, maana mara nyingi unakuta mche umezama pamoja na udongo au maji yamebeba tope yakalitua juu ya moyo. Hilo tope nalitoa kwa kidole taratibu. Dakika moja tu lakini ndo inaamua.

Mengine kwa haraka: jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, udongo tifutifu wenye mboji iliyoiva sawasawa, pH (kipimo cha asidi ya udongo) kati ya 5.5 na 6.5, nafasi ya sentimita 30 mpaka 45 kati ya mche na mche. Kama sehemu yako inatuamisha maji pandisha tuta. Kopo au chungu kina cha sentimita 20 kinatosha ilimradi kiwe na matundu chini, na hapo ndo wengi wanajidanganya, tundu moja dogo lililozibwa na kokoto sio tundu.

Karibuni.

Chipukizi:
Nimeweka kambi hapa. Mkuu mimi yangu ni hivi, majani ni mengi mpaka watu wakipita wanasifia, ya kijani kibichi kilichokolea, marando yanatoka kila upande yaani mpaka yameanza kuvuka njia, ila ua hata moja hakuna. Nifanyeje? Niongeze mbolea?

jongoo_mwendo:
Ngoja wataalamu waje 😂 ila mbolea usiongeze kwanza

Mzee_wa_Tuta:
@Chipukizi kabla sijakujibu nijibu wewe kwanza. Zinapata jua saa ngapi kwa siku? Umeweka mbolea gani? Marando huwa unayakata? Na miche uliipata ikiwa ni aina gani?

Chipukizi:
Jua ni la asubuhi tu mpaka saa nne hivi ukuta unaanza kuzuia. Mbolea ni samadi ya kuku, nairudishia kila nikiona imeisha juu. Marando siyakati naona yanapendeza. Aina sijui, nilipewa na jirani.

Mzee_wa_Tuta:
Basi tumemaliza mkuu, umejijibu mwenyewe. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni kazi yake ni majani. Mmea umeshiba huko juu hauna haraka ya kuzaa. Hata ukija kuzaa kwa lishe hiyo matunda yanakuwa laini, majimaji, yanaoza upesi. Acha hiyo samadi kabisa kwa sasa. Ukianza kuona maua ndo uweke chakula chenye potasiamu zaidi kuliko naitrojeni, na uweke kidogo kidogo na maji, sio konzi nzima mara moja.

Marando nayo ni mdomo mwingine wa kulishwa. Kila rando linaloota linakula nguvu ambayo ingeenda kwenye maua na matunda. Kwenye mche unaoutaka uzae, rando likichomoza tu kata kwa mkasi karibu na mama. Ukitaka kuzalisha miche tenga mmea mmoja au miwili iwe ya kuzaa watoto, hiyo usiidai matunda.

Jua la mpaka saa nne halitoshi. Kama ziko kwenye makopo zihamishe, kama ziko ardhini panga kuhamishia watoto sehemu ya wazi.

Mama_Kitalu:
Naongezea hapo kwenye aina maana huwa panasahaulika. Jamani stroberi sio kitu kimoja. Kuna zile zinazotunga maua mchana ukiwa mfupi, Chandler kwa mfano, hizo kwenye nchi zenye majira makali zinazaa mkupuo mmoja kwa wiki chache halafu basi mpaka mwakani. Halafu kuna zisizojali urefu wa mchana, kama Albion na San Andreas, hizo zinatoa maua kwa mafungu mafungu ilimradi hali ya hewa inaruhusu. Mtu ana zile za mkupuo mmoja anashangaa mbona ya jirani ina matunda yake haina, wakati kila moja inafuata ratiba yake.

Kwa walio karibu na ikweta, mchana wenu ni kama saa 12 mwaka mzima kwa hiyo urefu wa mchana hauwasumbui sana, kinachowasumbua ni joto. Joto likipita nyuzi 30 hivi kwa muda mrefu hata hizo zisizojali mchana zinapunguza maua au zinaacha kabisa. Ndo maana sehemu za miinuko zenye usiku wa baridi stroberi zinakubali zaidi, na wa mabondeni kwenye joto inabidi wachague msimu wa ubaridi na kuweka neti ya kivuli ya asilimia 30 au 40 saa za jua kali. Sio kivuli cha ukuta kutwa nzima kama cha mdogo wangu Chipukizi hapo juu.

Chipukizi:
Shikamoo mama, nimeelewa. Sasa hayo marando nikikata natupa?

Mama_Kitalu:
Marahaba mwanangu. Usitupe yote. Ila mtoto usimkate kabla hajajitegemea, rando lililokatwa bila mizizi linasinyaa kabla hujatafuta kopo. Angalia rando, lina vifundo. Kifundo cha kwanza kutoka kwa mama mara nyingi hakitoi kitu, cha pili ndo kinatoa kijimche, halafu linaendelea mbele, kifundo kimoja kinarukwa kinachofuata kinatoa mtoto mwingine. Chukua mtoto wa kwanza, huyo ndo huwa na nguvu, wale wa mbele kata uachane nao. Chini ya mtoto utaona vinundu vyeupe au vyekundu kidogo vimejitokeza, hiyo ni mizizi inasubiri kugusa udongo. Weka kikopo chenye udongo laini pale pale chini yake, mkalishe mtoto juu ya udongo bila kumfukia, halafu mbane na kipande cha waya umekikunja kama pini ya nywele. Mama anaendelea kumlisha. Mwagilia hicho kikopo kisikauke. Baada ya wiki 3 au 4 mvute kidogo kwa vidole, akigoma kutoka ameshashika, kata kamba.

Na tafadhali chagua mama mwenye afya. Virusi vya stroberi vinahama na watoto. Mmea uliodumaa, majani yamekunjana yana manjano ya ajabu ajabu, usichukue mtoto hapo hata kama unauonea huruma.

Mbishi_Asilia:
Mnasema naitrojeni mnasema potasiamu, mbona mnakwepa vitu vya asili? Mimi natumia kahawa iliyotumika yaani yale machicha, na maganda ya mayai, stroberi inapenda asidi, kahawa ni asidi, na mayai yanaleta kalsiamu na yanazuia konokono. Hela ya nini

Mzee_wa_Tuta:
@Mbishi_Asilia hakuna anayekwepa asili, mboji ni asili na nimeitaja mwanzo kabisa. Machicha ya kahawa asidi yake kubwa imeshaondoka na maji uliyokunywa, yanayobaki yanakaribia kuwa katikati, sio asidi wala nini. Ukiyaweka tabaka nene juu yanakauka yanagandamana, maji yanateleza pembeni badala ya kushuka, na umesahau mizizi iko wapi? Iko hapo hapo juu. Yachanganye kwenye mboji yaoze na vingine, humo hayana ubaya.

Maganda ya mayai yanaoza polepole mno, kalsiamu yake haiji kwa wakati. Halafu hizo ncha za majani machanga zinazokauka na kukunjamana, ambazo watu wanasema ni upungufu wa kalsiamu, mara nyingi kalsiamu ipo udongoni ila haifiki juu kwa sababu maji yanakuja kwa kurukaruka, leo mafuriko kesho jangwa. Kalsiamu inasafiri na maji. Nyoosha umwagiliaji kwanza.

Mbishi_Asilia:
Na konokono?

jongoo_mwendo:
Konokono wangu wanapita juu ya maganda ya mayai kama wako kwenye zulia jekundu 😂😂

Mzee_wa_Tuta:
Hapo jongoo kamaliza.

Mpanda_Kibarazani:
Habari za humu. Nina swali la mbegu. Nimenunua stroberi nzuri kubwa tamu, nataka nitoe zile mbegu za nje nipande, inawezekana? Nimeona video mtu anakata kipande cha tunda anafukia na linaota msitu.

Mama_Kitalu:
Zinaota ndugu yangu, ila usitegemee kupata tunda lile ulilokula. Stroberi za kisasa ni machotara, kila mbegu ni bahati nasibu, unaweza kupata kitu kidogo kichachu au mmea wa majani tu. Ndo maana wanaozalisha aina yenye jina wanatumia watoto wa marando, mtoto ni mama yule yule.

Ukitaka kujaribu kwa raha yako, kaushe mbegu, zikae kwenye friji wiki kadhaa kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, halafu zitawanye juu ya udongo usizifukie maana zinahitaji mwanga. Kuota ni wiki 2 mpaka mwezi na zaidi, na miche ni midogo ya kukutoa machozi. Ukitaka stroberi ya mbegu kweli kweli tafuta ile ndogo ya porini, Fragaria vesca, ile mbegu zake zinafuata mzazi. Matunda madogo ila harufu yake acha tu.

Msomi_wa_Mimea:
Kwa faida ya wasomaji, na kwa kuwa neno chotara limetajwa. Hii stroberi kubwa tunayoijua sio ya zamani hivyo. Mwaka 1714 mhandisi wa jeshi wa Ufaransa, Frézier, aliyekuwa ametumwa Amerika ya Kusini kupeleleza ngome za Wahispania, alirudi kwao na miche mitano ya stroberi ya Chile yenye matunda makubwa. Kule Ufaransa ikawa inatoa maua haizai, kwa sababu miche aliyoleta ilikuwa ya kike mitupu. Ilianza kuzaa ilipopandwa jirani na stroberi ya Amerika ya Kaskazini iliyoipa chavua, na kwenye mchanganyiko huo ndo ikatokea hii yetu. Mwaka 1766 Duchesne, kijana mtaalamu wa mimea, akaandika kwamba ni chotara wa hizo mbili.

Miche ya leo mingi ina ua lenye kike na kiume pamoja kwa hiyo hata mmea mmoja unazaa, ila chavua lazima ifike.

Mpanda_Kibarazani:
Asante sana. Hapo kwenye chavua umenigusa, matunda yangu machache niliyopata ni ya ajabu, upande mmoja umevimba upande mmoja umebonyea mgumu na vimbegu vimebanana. Ugonjwa?

Msomi_wa_Mimea:
Sio ugonjwa, ni chavua haikufika kote. Chukua tunda lenye kasoro uliangalie kwa karibu. Vile vimbegu vya nje kila kimoja kwa hakika ndo tunda lenyewe, lenye mbegu ndani, na ile nyama nyekundu ni kikalio cha ua kilichovimba. Kila kimbegu kilichopata chavua kinatoa homoni ya auksini inayoamuru nyama ya jirani yake ivimbe. Ambacho hakikupata kinabaki kidogo, hakiamuru kitu, nyama pale inabaki imesinyaa, ndo maana unaviona vimebanana. Mwaka 1950 mtafiti Nitsch alionyesha jambo hili kwa kuvitoa vimbegu kwenye matunda machanga, alipoviacha ndipo palipovimba peke yake, alipoweka homoni badala yake nyama ikavimba bila vimbegu.

Kwa hiyo kibarazani kama nyuki hawafiki, chukua brashi laini ya rangi, saa za mchana ua likiwa kavu limefunguka, zungusha pole pole, gusa vile vya njano vya pembeni halafu katikati, zunguka duara lote. Rudia kesho yake. Na mwenye neti afungue mchana maua yakichanua, neti haimjui nyuki na ndege.

Mpanda_Kibarazani:
Daah, kumbe. Hii sikuwahi kuisikia popote.

Dada_Koleo:
Mimi kilio changu ni ndege na koa. Tunda naliona leo linaanza kuiva nasema kesho, kesho nakuta limetobolewa tundu moja tu katikati, yaani hawali wakamaliza, wanaonja wanaenda kwenye jingine. Wanakera

jongoo_mwendo:
Ndege sio mwizi ni mkaguzi wa ubora 😂

Mzee_wa_Tuta:
Dada, angalia tundu lenyewe. Ndege anadonoa kwa juu, jeraha la pembe tatu au limechanika, na mara nyingi ni mchana. Koa anachimba shimo la mviringo lenye kingo laini, mara nyingi upande uliogusa ardhi, na ukiinamia asubuhi kuna utelezi unang'aa. Dawa ni tofauti. Kwa ndege ni neti tu, iwekwe juu ya fito isilale kwenye majani, na pembeni ifungwe chini vizuri, neti iliyolegea ndege ananasa anakufia humo. Kuna watu wanapaka mawe rangi nyekundu wanayasambaza kabla matunda hayajaiva ili ndege akidonoa jiwe akate tamaa. Wanasema inafanya kazi, mimi naamini neti.

Kwa koa laza kipande cha ubao chini jioni, asubuhi kigeuze utawakuta wamejibanza huko, waondoe. Tochi usiku nayo inasaidia sana, ni kazi ya kuchukiza ila ukiifanya mfululizo wanapungua waziwazi. Na usimwagilie jioni. Ukimwagilia jioni umewaandalia barabara.

Dada_Koleo:
Sisimizi je? wamejaa

Mama_Kitalu:
Sisimizi mara nyingi hawakuanza wao, wanaingia kwenye tunda ambalo limeshatobolewa. Au geuza majani machanga uangalie kwa nyuma, ukikuta vidukari basi sisimizi wanawafuga wale kwa ajili ya ule utamu wao. Vidukari wapige na maji ya nguvu kwa nyuma ya jani, wakirudi tumia maji ya sabuni laini kidogo, jioni jua likiwa limezama. Hao ndo wanaosambaza virusi kwa hiyo usiwaachie wakajenga.

Na ukiwa hapo hapo nyuma ya jani, kama juu jani limepauka lina vidoti vingi kama limekwanguliwa, na nyuma kuna vumbi linalotembea na utando mwembamba, huo ni utitiri. Unakuja na joto na ukavu. Kabla ya kukimbilia sumu osha majani kwa nyuma mara kwa mara, maana sumu kali inaua na wale wadudu wanaokula utitiri, halafu utitiri unarudi mwingi kuliko mwanzo.

Fundi_Bomba:
mimi nilitaka kuuliza hii ya ukungu wa kijivu, matunda yanaanza kuwa na doa la kahawia laini halafu baada ya siku mbili limevaa manyoya ya kijivu na lililo jirani nalo linaanza na la jirani nalo yaani linaambukiza kama moto, mvua zikinyesha ndo kabisa nimetupa zaidi ya nilizokula na nilipulizia dawa dukani waliponiambia ila naona kama namwaga maji tu

Mzee_wa_Tuta:
Huo ni Botrytis, na fundi kuna kitu wengi hawajui, mara nyingi hauanzii kwenye tunda. Unaingia wakati wa ua, unatulia kimya, unakuja kujionyesha tunda likianza kuiva. Ndo maana kupulizia ukishaona manyoya hakusaidii kitu.

Hapa unacheza na hewa na ukavu. Nafasi kati ya miche, hiyo sentimita 30 na kuendelea sio urembo. Majani makavu na yenye madoa ondoa, maua yaliyonyauka na matunda yaliyoanza kuoza toa yote nje ya bustani, usiyaangushe hapo hapo chini. Maji yapite chini, sio kwa kunyunyiza juu, na iwe asubuhi ili kilicholowa kikauke mapema. Wewe ni fundi bomba, tengeneza dripu, hata ya chupa zilizotobolewa. Halafu matandazo. Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu au mabua makavu unene wa sentimita 5 hivi, zizunguke mche ila zisiguse moyo. Yanafanya kazi nyingi, tunda halilali kwenye udongo, mvua hairushi tope juu, magugu yanapungua, na lile tabaka la juu tulilosema linabaki na unyevu na ubaridi.

Fundi_Bomba:
maji kiasi gani kwa wiki mzee

Mzee_wa_Tuta:
Kwa ardhini hesabu ya kawaida ni kama milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo, wakati wa matunda na joto inapanda. Ila kidole ndo kipimo. Chomeka mpaka fundo la kwanza, pakiwa pakavu mwagilia, pakiwa na ubaridi na unyevu acha. Makopo yanakauka haraka zaidi, kwenye jua kali ni kila siku, na kopo jeusi la plastiki linapika mizizi kabisa, livalishe kitu cheupe au lisukume ndani kidogo lipate kivuli lenyewe wakati majani yako juani.

Angalizo: stroberi ikinyauka mchana wa jua kali usikimbilie ndoo. Pima udongo kwanza. Kama udongo umelowa na bado imenyauka mpaka asubuhi, tatizo ni mizizi au kigutu kimeoza, ng'oa ukate kigutu katikati kwa kisu. Kikiwa cheupe ndani ni kizima, kikiwa na kahawia au wekundu wa kutu huo mche hauponi, utoe na udongo uliouzunguka.

Chipukizi:
Miche mipya nikiipanda ikatoa ua mapema niache?

Mama_Kitalu:
Bana ua ulitoe mwanangu, wiki 4 mpaka 6 za mwanzo. Inauma lakini mche wenye majani manne ukianza kulea tunda mizizi haikui. Baada ya hapo ziache zichanue. Kutoka ua kufunguka mpaka tunda kuiva ni kama mwezi, joto likiwa zuri linawahi kidogo.

Mpanda_Kibarazani:
Na kuchuma? mimi huwa nachuma likiwa nusu jekundu naliweka dirishani liive, ndege wasiniwahi

Msomi_wa_Mimea:
Haliivi dirishani. Linaweza kuongeza wekundu na kulainika, ila sukari haiongezeki tena likishatoka kwenye mmea, sio kama ndizi au embe. Subiri wekundu ufike mpaka mabegani chini ya yale majani ya kikonyo, kusiwe na weupe. Chuma asubuhi kukiwa na ubaridi, bana kikonyo kwa kucha au kata kwa mkasi, usilishike tunda lenyewe ukalivuta. Usilioshe mpaka unapotaka kula, maji ndo yanaliozesha kwenye friji. Likiwa msimu pitia kila baada ya siku mbili, yaliyopitiliza yasibaki humo yakaita ukungu.

Dada_Koleo:
Swali la mwisho kutoka kwangu. Zangu zina miaka mitatu sasa, matunda yamekuwa madogo kama kunde. Nizing'oe? Na nikizing'oa watoto wao nawapanda hapo hapo?

Mzee_wa_Tuta:
Ng'oa dada. Miaka 3 au 4 ndo umri wake wa kuzaa vizuri, baada ya hapo kigutu kinapanda juu kinakuwa kigumu, magonjwa yamejikusanya, tunda linapungua. Chukua watoto kwa wale wenye afya tu kama mama alivyosema.

Hapo hapo usipande. Peleka sehemu nyingine, na isiwe palipokuwa na nyanya, viazi mviringo, biringanya au pilipili ndani ya miaka mitatu minne iliyopita, kuna ukungu wa udongoni wa mnyauko, Verticillium, unaokula hizo zote na stroberi pia, na unakaa udongoni muda mrefu. Kama ni makopo mwaga udongo wote kwenye maua au mahindi huko, osha kopo, weka mpya.

Dada_Koleo:
Mbona hapo pembeni ndo nilikuwa na nyanya 😩

Mama_Kitalu:
Basi hapo panda maharage au mahindi. Stroberi wape makopo.